Robert's Rules of Order: kitabu cha kuendeshea vikao, mi nakipa nyota 4

Kama mko kwenye kamati, kikundi, chama cha wanafunzi, popote pale watu wanapokaa kuamua mambo, na kila kikao wanaongea walewale watatu alafu mnatawanyika hamjui hata mmekubaliana nini, hiki kitabu kinawahusu. Mwandishi ni Henry Martyn Robert, alikuwa mhandisi kwenye jeshi la Marekani, mwaka 1863 akapewa aongoze kikao cha kanisa huko New Bedford na kikamshinda, ndo akaanza kuchimba vikao vinaendeshwaje. Toleo la kwanza lilitoka 1876, ka kitabu tu ka kuweka mfukoni. Toleo la 12 la mwaka 2020 ni gogo la kurasa zaidi ya 700.

Kilichonifanya nikipende ni sheria ya zamu. Mtu akishaongea kuhusu hoja haruhusiwi kurudi tena mpaka kila ambaye hajaongea na anataka kuongea apate nafasi, na hata akirudi mwisho ni mara mbili kwa siku kwenye hoja hiyohiyo, dakika kumi kila mara, labda mwe mmejiwekea sheria yenu nyingine. Alafu wote mnaongea na mwenyekiti, hamrushiani maneno nyie kwa nyie, na kumsema mwenzio kwamba ana nia mbaya ni marufuku, jadili hoja muache mtu. Wale wakimya hapa ndo wanapumua jamani, kwa sababu hawahitaji tena kupiga kelele ili wasikike.

Kingine ni jambo moja kwa wakati. Mtu anatoa hoja, mwingine anaunga mkono, mwenyekiti anairudia yote ndo mjadala unaanza, na kabla ya kura anairudia tena. Tuseme hoja ni "tununue projekta", mwingine anataka iongezwe "iliyotumika". Hapo mnasimamisha habari ya projekta kwanza, mnajadili hilo neno tu, mnalipigia kura, alafu ndo mnarudi kwenye hoja nzima na bado mnaweza kuikataa. Inaonekana kama mzunguko ila kiukweli ndo inazuia ile ya nusu ya watu kupigia kura kitu kimoja na nusu nyingine kitu kingine.

Na ule mtindo wa mtu mmoja kusema "tumeongea vya kutosha tupige kura" na mwenyekiti anafunga mjadala palepale, haupo! Kufunga mjadala ni hoja inayojitegemea na inataka thuluthi mbili ya kura, yaani walio wachache hawanyamazishwi kirahisi. Kura za kawaida zinahesabiwa kwa waliopiga tu, kwa hiyo ndiyo 10, hapana 8, na 12 wamekaa kimya, hoja imepita. Zikilingana imeanguka. Mwenyekiti akitoa uamuzi wa upendeleo, mjumbe anakata rufaa palepale, akipata wa kumuunga mkono kikao chenyewe ndo kinaamua, na hiki kipengele naona kila mjumbe angekijua kabla ya kingine chochote.

Sasa kasoro zake. Lugha ni nzito, kimejaa vipengele vya kutumika mara moja kwa miaka, na mtu akikikariri vizuri anaweza kukigeuza rungu, kila dakika "kuhusu utaratibu mwenyekiti" mpaka wenzake wanachoka na yeye anapitisha anachotaka. Hiyo inaniuma kwa sababu kitabu chenyewe kinasema kabisa bodi ndogo, kama watu kumi na mbili hivi kushuka chini, zilegeze: hoja haihitaji wa kuunga mkono, mnaweza kujadili kabla hata hoja haijatolewa, na mwenyekiti anajadili na kupiga kura kama wengine. Wengi hawafiki hiyo sehemu. Pia kama kikundi chenu huwa mnaongea mpaka wote mkubaliane, hakitawafaa sana, humu walio wengi wakishinda kura imeisha.

Katiba yenu iko juu ya hiki kitabu, isomeni kwanza. Lile gogo mwachieni katibu na mwenyekiti, wajumbe wengine wachukue kile kifupi kinachoitwa In Brief, kimeandaliwa na watu walewale na kwa kikao cha kawaida kinatosha kabisa. Nyota moja nimeikata kwa ajili ya uzito wa lugha.