Český Krumlov haina kosa, waliotupeleka ndio wametupiga

Karatasi ya kampuni ya utalii iliyotupeleka mji huu wa Ucheki iliandikwa "ziara ya kasri". Wakatupeleka Jumatatu! Jumatatu vyumba vya ndani vya kasri havifunguliwi, na hakuna mtembeza wageni wa Praha asiyelijua hilo. Tulichotembezwa ni nyua tano, ambazo ni bure, hata usiku wa manane unapita na hakuna wa kukuuliza. Yaani tumelipia njia.

Nilipomuuliza kiongozi wetu, dada wa mwavuli mwekundu, alijibu huku anachezea simu: "Si umeliona hilo hapo?" Kwenye handaki la kasri, wanamofugwa dubu, tulikaa weee, na bado hakusema kwa nini wako pale: mabwana wa Rožmberk, waliokuwa wenye kasri, walijidai ni ndugu wa ukoo wa Orsini wa Italia, jina lenye dubu ndani yake. Halafu akatuambia mchoraji Egon Schiele alizaliwa hapo. Wapi! Aliyezaliwa hapo ni mama yake. Yeye alihamia 1911, na wenyeji wakamchoka mwaka huohuo.

Kinachoniuma hasa ni ukumbi wa tamthilia, ua wa tano, ukishavuka daraja la Plášťový. Ulijengwa upya 1765–1766 na mitambo yake ya mbao ingalipo: chini ya jukwaa kuna gurudumu la kamba, watu wakilizungusha, mbao zilizochorwa msitu zinateleza pembeni na za mji zinaingia, sekunde chache tu. Una tiketi yake peke yake (ya vyumba haikuingizi), wanaingia wachache kwa zamu, na majira ya baridi hufungwa. Sisi tuliuona mlango.

Mji wenyewe ni mzuri, nisiudhulumu. Mto Vltava umeuzunguka kama kitanzi, na ukikodi boti utaupenda. Kwenye vizuizi vya maji lenga pua ya boti katikati ya mfereji wa kupitia. Ukiingia ubavu, umepinduka.

Nendeni wenyewe, Jumanne au baadaye. Basi kutoka kituo cha Na Knížecí, Praha, ni mwendo wa kama saa tatu. Shukeni Špičák, msingoje kituo kikuu. Hapo mnaingia mji wa kale kwa lango la Budějovická moja kwa moja. Begi la magurudumu acheni, mawe ya barabarani yatalivunja.

Nilitaka kuwapa nyota mbili, kwa ajili ya dereva, mstaarabu kweli. Nikiukumbuka ule mwavuli, ibaki moja.