TanzLII kwa anayetafuta rufaa za jinai zilizokosa cha kuamuliwa

Maktaba ya mtandaoni ya Mahakama ya Tanzania, TanzLII, ni ya bure, na kwa wakili wa jinai ndiyo ya kufunguliwa kabla ya nyingine yoyote. Hapa tunaipima kwa kazi moja tu, nayo ni ngumu: kupata maamuzi ya rufaa ambazo hazina tena cha kuamuliwa, kwa kuwa mrufani amefariki, amemaliza kifungo, au amri anayoilalamikia imeshapitwa na wakati.

Ugumu unatokana na hukumu zenyewe. Majaji hawaliweki jambo hili chini ya kichwa kimoja. Ukiandika "moot" (isiyo na cha kuamuliwa) peke yake kwenye kisanduku cha kutafutia, unafurikiwa na mashauri ya madai. Andika kishazi kizima ndani ya alama za kunukuu: "appeal abates" (rufaa inakoma), "overtaken by events" (imepitwa na matukio), "academic exercise" (zoezi la nadharia tu). Ongeza "Criminal Appeal", kisha tumia vichujio kubakiza Mahakama ya Rufani na miaka unayoitaka. Vichujio hivi ndivyo vinavyotufanya tuisifu TanzLII bila kusita. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yaliifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, kwa hiyo rudia utafutaji kwa maneno kama "mrufani amefariki". Hukumu za zamani zilizoingizwa kama picha za karatasi huenda zisionekane kabisa kwa njia ya maneno. Hizo zitafute kwa namba ya rufaa au majina ya wahusika.

Utajiri mkubwa uko kwenye rufaa zinazokoma kwa kifo. Maamuzi haya ni mafupi mno, mara nyingi kurasa chache: Wakili wa Serikali anasimama, anaieleza Mahakama kwamba mrufani amefariki, anatoa cheti cha kifo au barua ya mkuu wa gereza, kisha amri inaandikwa. Usiyaruke kwa ufupi wake. Humo ndimo unapoona ni ushahidi gani wa kifo uliokubaliwa, na kifungu gani kilitumika.

Kifungu ndipo wengi wanapoteleza. Rufaa iliyoko Mahakama Kuu kutoka mahakama za chini inaongozwa na Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, kifungu cha 371 kwa namba za toleo la 2022: rufaa hukoma mrufani anapofariki, isipokuwa ile ya kupinga adhabu ya faini. Rufaa iliyoko Mahakama ya Rufani inaongozwa na kanuni ya 78 ya Kanuni za mwaka 2009, na huko wigo wa kunusurika ni mpana zaidi: faini, gharama, fidia na utaifishaji wa mali. Sababu ni wazi. Kifungo hakimfuati mtu kaburini, lakini faini na fidia zinaila mirathi, kwa hiyo mwakilishi wa marehemu anaweza kuingizwa kuendeleza rufaa. Inauma kuona familia inaachia nyumba iliyotaifishwa kwa kuambiwa tu kwamba kesi imekufa na mzee.

Kumaliza kifungo au kulipa faini ni jambo jingine. Adhabu imeisha, lakini kutiwa hatiani kunabaki kwenye kumbukumbu na kuna madhara yake. Ibara ya 67 ya Katiba, kwa mfano, inamzuia kugombea ubunge mtu aliyetiwa hatiani kwa kukwepa kodi ya Serikali ndani ya miaka mitano kabla ya Uchaguzi Mkuu. Mtu huyo hata kama faini ameilipa yote, rufaa yake bado ina uhai. Na mfungwa aliyetoka kwa msamaha wa Rais akaamua kuacha rufaa, anaiondoa kwa notisi chini ya kanuni ya 77. Kuondoa si kukoma, kwa hiyo unapochambua matokeo yatenge makundi hayo mawili.

Ukishapata uamuzi mmoja mzuri, tazama orodha ya maamuzi mengine yaliyounukuu. Njia hiyo huzaa kuliko kubahatisha maneno mapya. Nakili rejea kamili: mwaka kwenye mabano ya mraba, TZCA kwa Mahakama ya Rufani au TZHC kwa Mahakama Kuu, halafu namba.

Kwa Kenya, maktaba ya sheria ya mtandaoni ya huko, Kenya Law, nayo ni ya bure na rejea zake za Mahakama ya Rufani hubeba KECA. Ila usihamishe muda: Kenya rufaa ya jinai kwenda Mahakama Kuu hukatwa ndani ya siku 14, ilhali Tanzania kwa kawaida ni notisi ndani ya siku 10 na hati ya rufaa ndani ya siku 45.

Tahadhari ya mwisho ni toleo la sheria. Toleo la Marekebisho la 2023 limeanza kutumika Julai 2025, na hukumu za nyuma zinataja namba za matoleo ya zamani. Fungua sheria yenyewe na ulinganishe kabla ya kuandika hoja zako.