Shahada ya uzamili ya sayansi ya siasa: tathmini ya mhitimu

Nilijiunga na shahada ya uzamili ya sayansi ya siasa na utawala, katika chuo kikuu kimoja cha umma nchini Tanzania, nikiwa nimeshaitumikia halmashauri kwa miaka sita, na nilikwenda na swali moja lililonisumbua kazini: kwa nini katika kijiji kimoja mkutano mkuu husomewa mapato na matumizi na wananchi wakahoji, ilhali kijiji jirani, kilicho chini ya sheria ileile ya serikali za mitaa ya mwaka 1982, humaliza mwaka mzima bila mkutano kuitishwa? Programu hii naipima kwa namna ilivyonisaidia kulijibu swali hilo.

Mwaka wa kwanza ni wa masomo ya darasani, nasi tuliokuwa waajiriwa tulisoma kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa mbili usiku. Somo la siasa linganishi lilifundishwa vizuri kuliko yote. Tulitumia wiki mbili nzima kuchambua mageuzi ya mwanzoni mwa miaka ya 1990, tukianzia na Tume ya Nyalali, iliyoundwa mwaka 1991 kukusanya maoni ya wananchi kuhusu chama kimoja au vyama vingi, ambayo ilikuta takribani asilimia 80 ya waliotoa maoni wakitaka mfumo wa chama kimoja uendelee, lakini ikapendekeza vyama vingi, na sheria ikabadilishwa mwaka 1992. Mhadhiri hakuturuhusu kuishangaa tu takwimu hiyo. Alitutaka tueleze maoni yalikusanywaje, nani alijitokeza kuyatoa, na kwa nini wengi waliounga mkono chama kimoja walidai pia kirekebishwe, kisha tulinganishe na Kenya, ambako kifungu cha 2A cha katiba, kilichoruhusu chama kimoja tu, kilifutwa Desemba 1991. Mjadala huo mmoja umenifaa kazini kuliko semina zote nilizowahi kupelekwa.

Mbinu za utafiti ni upande dhaifu. Muhula mmoja hautoshi kwa mtu aliyeiacha hisabati kidato cha nne, hasa pale uchambuzi wa takwimu unapofundishwa kwa maelezo ubaoni bila wanafunzi kugusa kompyuta. Mimi na wenzangu watatu tulipakua data za Afrobarometer, mtandao unaopima maoni ya wananchi katika nchi za Afrika, ambazo hutolewa bure, tukajifunza wenyewe kila Jumamosi hadi tukaweza kusoma jedwali bila kuogopa.

Thamani kubwa ya shahada hii nimeiona katika kazi ya uwandani. Barua ya chuo unaipeleka kwa Katibu Tawala wa Mkoa, naye hukuandikia barua ya kwenda kwa Katibu Tawala wa Wilaya, kisha unafika kwa mkurugenzi wa halmashauri, kwa mtendaji wa kata na hatimaye kwa mtendaji wa kijiji. Mzunguko huo ulinichukua wiki tatu, na siujutii, kwa sababu katika kila ofisi nilisikia jambo kuhusu vijiji vyangu vinane ambalo halimo katika taarifa yoyote.

Hojaji yangu ya kwanza niliiandika kwa Kiingereza, lugha ya tasnifu, kisha nikaitafsiri. Niliuliza kama viongozi wa kijiji wanawajibika, na karibu kila mtu akajibu ndiyo. Mzee mmoja ndiye aliyenifumbua macho. “Huyu mwenyekiti wetu anawajibika sana, mwanangu,” aliniambia, “kutwa yuko barabarani na vijana wanafukia mashimo.” Kumbe kwake, na kwa wengi niliowahoji, kuwajibika ni kujituma, ilhali mimi nilikusudia kutoa hesabu mbele ya wenye mali. Nililiandika upya swali kwa Kiswahili tangu mwanzo: “Je, mara ya mwisho kusomewa mapato na matumizi ilikuwa lini, na mlipouliza mlijibiwa nini?” Majibu yaligeuka kabisa. Katika vijiji nilivyovitembelea, watu walihoji zaidi pale fedha zilipotoka mifukoni mwao, kama vile michango ya ujenzi au kodi ya shamba la kijiji, na walinyamaza zaidi pale zilipoletwa kutoka juu. Hapo ndipo swali langu lilipopata jibu.

Usimamizi ulikuwa mzigo mkubwa. Msimamizi wangu wa kwanza alikaa na sura mbili kwa miezi mitano bila kunipa maoni, na aliporudisha alikuwa amesahihisha tahajia pekee. Ucheleweshaji huo ulinisukuma hadi mwaka wa tatu katika programu ya miaka miwili, pamoja na ada ya ziada niliyoilipa kutoka katika mshahara. Msimamizi aliyenipokea baadaye alisoma kila ukurasa ndani ya wiki mbili, na ndiye aliyesisitiza kwamba kisa cha neno kuwajibika, nilichokuwa nimekificha katika tanbihi, kipewe sura nzima. Tofauti kati ya walimu hawa wawili haipaswi kuachiwa bahati ya mwanafunzi.

Kwa mtumishi wa serikali za mitaa, mwandishi wa habari au mtu wa asasi za kiraia mwenye swali lililomkaa moyoni, naipendekeza programu hii kwa dhati. Anayetafuta cheti cha kupandia cheo ataona miaka ni mirefu na tasnifu ni adhabu. Kabla ya kulipa ada, nenda idarani uulize kila mhadhiri ana wanafunzi wangapi wa tasnifu, kisha watafute wanafunzi wa mwaka wa pili uwaulize maoni hurudi baada ya muda gani.

Nina ombi moja kwa wanaoandaa mtaala. Baada ya kuhitimu niliandika kwa Kiswahili muhtasari wa kurasa nne, nikauchapisha kwa gharama zangu na kuupeleka katika vijiji vyote vinane, na katika viwili ulisomwa mbele ya mkutano mkuu. Programu haikuudai muhtasari huo, nami naomba iudai kwa kila mwanafunzi kabla hajaruhusiwa kuhitimu.