Tela la Farasi Wawili Lisilomtosha Hata Mmoja: Uzoefu Wangu

"Farasi ni farasi, mama." Hayo ndiyo maneno aliyoniambia muuzaji nilipomrudia kulalamika, na tangu siku hiyo siwezi kulitazama tela lile, kibanda cha magurudumu cha kusafirishia farasi kinachovutwa na gari, bila kuyasikia upya. Aliyasema akiwa ameegemea mlango, macho yakiwa kwenye simu yake, ilhali Lulu, farasi wangu jike, alikuwa amesimama bandani na kidonda utosini kwa sababu ya ushauri wake. Nimejaribu kwa miezi kadhaa kuyaacha yapite, lakini naona ni afadhali niyaandike, kwani wako wengine watakaosimama mbele ya muuzaji kama yule wakiwa na pesa mkononi na imani moyoni.

Nililinunua tela hilo mwaka jana, katikati au kuelekea mwisho, sikumbuki vizuri. Nakumbuka hata hivyo kwamba sikumficha lolote. Nilimweleza kuwa Lulu ni mrefu, viganja 17 kwa kipimo cha wafuga farasi ambacho kila kiganja ni inchi 4, yaani takriban sentimita 173 kutoka ardhini hadi juu ya mabega. Hakuuliza ana mwili wa namna gani, hakuuliza amezoea kusafirishwa au la. Alinijibu bila kusita: "Hili ni la farasi wawili, kwa hiyo huyo mmoja atacheza humo ndani." Jibu hilo lilinishawishi, kwa kuwa nani asingeamini kwamba nafasi ya wawili inamtosha mmoja? Sikujua wakati ule kwamba neno "wawili" hueleza idadi ya vyumba tu, wala halisemi chochote kuhusu ukubwa wa mnyama atakayesimama katika kila chumba.

Siku ya safari ya kwanza Lulu alipanda ubao wa kupandia bila ubishi, akaingiza mabega, na kama afanyavyo farasi yeyote anayetoka kwenye mwanga na kuingia mahali penye giza, akainua kichwa ili atazame. Utosi wake ukagonga chuma cha darini. Farasi akiguswa hapo ghafla hainamishi kichwa kama tungetarajia. Hujivuta nyuma na kukiinua zaidi, na ndivyo alivyofanya, akajigonga mara ya pili kwa nguvu kuliko ya kwanza, kisha akateremka kinyumenyume damu ikimtiririka kwenye singa. Nilimtuliza, nikamfuta, na baada ya muda mrefu nikamshawishi aingie tena. Hilo ndilo ninalolijutia kuliko yote, kwa sababu aliniamini, akaingia.

Safari yenyewe haikufika saa moja. Nilimweka upande wa dereva, kama inavyoshauriwa farasi anapokuwa peke yake katika tela la vyumba viwili, kwa kuwa barabara nyingi zimeinuka katikati na kushuka pembeni, na uzito ukikaa upande wa pembeni tela huvutwa kuelekea ukingoni. Kila nilipokata kona nilisikia kwato zikipiga ukuta mfululizo, kama mtu anayekimbia akiwa amesimama mahali pamoja. Nilipunguza mwendo hadi magari ya nyuma yakaanza kunipigia honi, na bado kelele hazikukoma. Nilipofungua mlango nilimkuta amelowa jasho mwili mzima, anatetemeka, miguu ya nyuma imechubuka, na kizuizi cha katikati, kile kinachotenganisha vyumba viwili, kimejaa alama za kwato.

Jioni ile nilichukua futi kamba na kufanya kazi ambayo muuzaji alipaswa kuifanya. Kutoka sakafuni hadi kwenye chuma cha darini palikuwa na sentimita 198. Farasi hupimwa mabegani kwa sababu mabega hayabadiliki kimo, ilhali kichwa hupanda na kushuka, lakini dari haligongwi na mabega. Kwa farasi wa kimo cha Lulu wenye uzoefu hutafuta dari la sentimita 229 hivi, na sasa naelewa sababu. Kutoka chuma cha kifuani, kinachomzuia farasi asisogee mbele, hadi chuma cha nyuma palikuwa na sentimita 183, na mwili wa Lulu kutoka kifua hadi makalio unakaribia kulingana na kimo chake, kwa hiyo alikuwa amebanwa mbele na nyuma kama gunia lililoshindiliwa. Mbele ya chuma cha kifuani hapakuwa na nafasi ya kuteremsha kichwa. Hili halionekani kwa haraka, lakini ni zito: farasi husafisha njia ya hewa kwa kuinamisha kichwa ili vumbi na kohozi vitoke, na akisafirishwa saa nyingi kichwa kikiwa juu anaweza kupata homa kali ya mapafu. Nashukuru safari yetu ilikuwa fupi.

Kisha kikaja kizuizi cha katikati, ambacho kilishuka hadi sakafuni. Muuzaji alikuwa amekisifu sana, akasema kinatenganisha vyumba vizuri. Tatizo ni kwamba farasi hashiki kitu kwa mikono gari linapoyumba; silaha yake pekee ni kuitanua miguu, na anayezuiliwa kuitanua huhisi anaanguka, akaanza kukwaruza ukuta akitafuta pa kujishikiza. Zile kelele nilizozisikia kwenye kona hazikuwa ukaidi. Alikuwa anatafuta mahali pa kuweka mguu.

Nilirudi kwa muuzaji na vipimo vyangu vimeandikwa kwenye karatasi. Nilimsalimia vizuri, nikamweleza kwa utaratibu, nikamwomba anibadilishie au walau anielekeze kwa anayeweza kunibadilishia. Hakuisoma ile karatasi. Alisema: "Farasi ni farasi, mama. Huyo wako hajafundishwa tu." Nikamwambia, "Kaka, mafunzo hayawezi kumfupisha mnyama." Akacheka na mwenzake aliyekuwa pembeni. Nilimwomba futi kamba ili tuyapime pamoja matela mengine yaliyokuwa pale, akajibu kwamba hawana. Mtu anauza masanduku ya kubebea viumbe hai wenye uzito wa kilo 500 au 600, na mahali pake pa kazi hapana kifaa cha kupimia! Fundi wa makabati asiye na futi kamba angefukuzwa siku ya kwanza.

Alipoona siondoki, alinionyesha tela jingine la farasi watatu wanaosimama mshazari, akasema, "Hilo kubwa litakumalizia shida." Nalo lingenidanganya kama ningekuwa bado na akili ya mwaka jana. Katika mtindo wa mshazari, urefu wa chumba hutegemea upana wa tela lenyewe, kwa hiyo tela linaweza kuwa refu sana na bado kila chumba kikawa kifupi kwa farasi mrefu. Isitoshe, hakuniuliza navuta kwa gari gani. Mara ya kwanza alikuwa ameulinganisha uwezo wa gari langu na uzito wa tela likiwa tupu, kana kwamba nitakuwa navuta hewa. Tela kubwa zaidi huja na uzito wake, juu yake unaongeza farasi, matandiko, maji na majani, na gari lisilomudu mzigo huo linaweza kusukumwa na tela kwenye mteremko badala ya kulivuta.

Sasa nataka kuwa mwadilifu. Tela lenyewe si bovu, na nilipoanza kuandika nilikusudia kusema ni bovu. Breki zake hushika vizuri, taa hazijawahi kunisumbua, na nilipoinua zulia la mpira nilikuta mbao za sakafu ni kavu na imara, jambo ambalo si la kupuuzwa, kwa kuwa mkojo wa farasi huozesha mbao kimyakimya. Jirani yangu ana poni, yaani farasi wa aina ndogo, wa viganja 13, naye aliniomba nimwazime. Yule poni aliingia, akaanza kula majani kwenye wavu, akafika alikokuwa anakwenda bila jasho hata kidogo. Kwa mwenye farasi mdogo ningethubutu kusema ni tela zuri, pengine bora kuliko yale makubwa, kwa sababu mnyama mdogo katika chumba kipana hujaribu kugeuka au kupenya chini ya chuma cha kifuani, na hapo ajali huwa karibu.

Lakini nikifika hapo nakumbuka kwamba mimi sikwenda kununua tela la poni. Nilitaja viganja 17 kwa mdomo wangu, akanisikia, akaniambia atacheza humo ndani. Kama hakujua, basi hapaswi kuwauzia watu. Kama alijua, hilo ni baya zaidi, na kwa namna alivyocheka nashindwa kuamini kwamba hakujua. Kwa hiyo nayaondoa yale niliyosema kuhusu uzuri wake. Ninaponunua tela, nanunua na neno la anayeniuzia, na neno la huyu lilimtoa damu mnyama wangu.

Anayetaka kununua namsihi aende na futi kamba yake mwenyewe, apime ndani na si nje, apime pale dari lilipo chini kabisa na si katikati palipoinuka, apime chumba kati ya chuma na chuma, kisha ampime farasi wake kutoka ardhini hadi utosini akiwa ameinua kichwa. Ikiwezekana amwingize ndani kabla hajalipa. Muuzaji akikataa hilo, aondoke.

Nimeshapata tela jingine, lenye dari refu na kizuizi kinachoishia usawa wa tumbo. Nililiegesha mlangoni mwa banda majuma kadhaa yaliyopita na nimeliacha wazi mchana kutwa, nikimwekea Lulu majani kwenye ubao wa kupandia. Jana aliweka miguu miwili ya mbele, akasimama, akainua kichwa taratibu akikitafuta kile chuma kilichompiga, kisha akarudi nyuma. Sikumlazimisha.