Jakuzi la mtumba Marekani: lipi ununue, lipi umwachie mwenyewe

Theluji ikianza kuyeyuka hapa Minnesota, masoko ya mtandaoni ya Facebook Marketplace na Craigslist hujaa majakuzi ya mtumba. Kuna wanaohama, kuna waliochoka na bili ya umeme, kuna ambao watoto wameshaondoka nyumbani na hakuna anayeingia tena. Bei ni za kuvutia, ila bei ya jakuzi lenyewe mara nyingi ndiyo sehemu ndogo ya gharama.

Kanuni yangu ni moja: nunua lile utakalolikuta linafanya kazi, maji yakiwa ya moto. Mwambie muuzaji mapema asilizime wala asimwage maji. Maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9, hivyo jakuzi lililozimwa Januari bila kukaushwa hupasuka mabomba ndani kwa ndani, katikati ya povu la kuhifadhi joto ambako jicho halifiki. Muuzaji atakuapia kwamba lilikuwa zima siku alipolizima, na huenda anasema kweli.

Nafasi ya kwanza naipa la akriliki la volti 240, lisilozidi miaka kumi. Hita yake, tuseme ya kilowati 5.5, hupandisha joto la lita 1,500 kwa kama nyuzi 3 za Selsiasi kila saa, kwa hiyo ukilijaza maji ya bomba asubuhi, jioni unaingia. Ukienda kulikagua, omba kufungua ubavu wa kabati palipo na pampu na umulike kwa tochi. Ukoko mweupe au wa kijani kwenye maungio ni maji yanayovuja polepole. Gusa povu la chini: likiwa limelowa, ondoka. Washa pampu zote na usikilize. Mlio wa kusaga ni beringi zinazokufa. Kisha nyanyua kifuniko. Kizima hubebeka na mtu mmoja bila shida, kilicholowa ndani hukushinda, na kipya ni dola 400 hadi 600. Hapo una hoja ya kupunguziwa bei. Piga picha kibao chenye namba ya mashine, volti na ampia, maana fundi umeme atakiuliza.

Na huyo fundi usimkwepe. Jakuzi la aina hii kwa kawaida linataka laini yake peke yake ya ampia 50, kikata umeme cha GFCI (kinachokata mara umeme unapovuja, usipigwe shoti), na swichi ya kuzimia inayoonekana ukiwa kwenye jakuzi lakini iliyo mbali na maji angalau mita 1.5. Pamoja na kibali cha jiji, kazi hiyo hupita dola 1,000 kirahisi, na inaweza kuzidi bei uliyolipia jakuzi lenyewe. Binamu anayejua kufunga soketi si fundi wa kazi hii.

La pili ni la plastiki ngumu la volti 120, la kuchomeka ukutani. Kwa mpangaji, au kwa ndugu zetu wa Texas kwenye joto, huenda hili ndilo la kwanza: ni jepesi, na ukihama unahama nalo. Udhaifu wake ni nguvu. Soketi ya ampia 15 haitoi zaidi ya wati 1,800, hivyo mengi hayawezi kupasha maji na kusukuma mawimbi kwa kasi kwa wakati mmoja. Kwenye baridi ya Minnesota, ukiacha kifuniko wazi watu wanapiga soga, maji yanapoa nanyi mmo ndani.

La tatu ni la kujaza upepo. Jipya lina nafasi yake, la mtumba silipendekezi: viraka, ukungu kwenye mikunjo, na watengenezaji wengi hawataki litumike nje hewa ikishuka chini ya nyuzi 4 hivi.

Mwisho kabisa ni lile la bure, “njoo ulichukue”. Jakuzi tupu la watu watano hufika kilo 350, na utahitaji wanaume sita, trela na troli. Likikataa kuwaka, utalipa tena kulitupa.

Kabla halijafika, andaa sakafu. Maji peke yake ni tani moja na nusu. Ongeza jakuzi na watu watano, umepita tani mbili. Zege la sentimita 10 lililo sawasawa linatosha. Baraza ya mbao ni mpaka fundi aipime.

Maji ya muuzaji usiyarithi. Akikubali, tia dawa ya kusafishia mabomba kwenye maji hayo ya zamani, acha pampu izungushe, ndipo mmwage. Utando unaojificha kwenye mabomba ndio makazi ya bakteria kama Legionella. Ukijaza upya, klorini isipungue 3 ppm (sehemu tatu kwa milioni) na pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji, ibaki kati ya 7.0 na 7.8. Joto lisizidi nyuzi 40, ambazo kwenye kidhibiti cha Kimarekani ni 104 za Farenhaiti. Watoto wa chini ya miaka 5 wasiingie, na mjamzito amuulize daktari kwanza.