Valvu na hedifoni za amplifaya ya bei nafuu: kwetu pwani, tazama miguu kwanza

Kila baada ya masika malalamiko ni yale yale. Mtu kanunua valvu mpya (zile taa za kioo zinazokuza sauti) za amplifaya yake ya hedifoni, kazisikiliza miezi mitatu minne kwa raha zake, kisha upande mmoja unaanza kukwaruza kama sufuria inayosuguliwa. Akimrudia muuzaji anaambiwa valvu imekufa, nunua nyengine. Ananunua. Masika ya pili, hadithi ile ile.

Mara nyingi valvu ile haikufa. Iliyooza ni miguu yake, zile pini zinazoingia kwenye soketi. Upepo wa bahari una chumvi, chumvi hunyonya unyevu, na unyevu huo ukikaa baina ya mguu na soketi hufanya ukungu mweupe au wa kijani ambao umeme haupiti vizuri. Mji Mkongwe hali ni mbaya zaidi, kwa vile kuta za mawe na chokaa hukaa na unyevu hata jua likiwaka, lakini watu wa Wete na Mkoani nao hawajasalimika. Miongozo mingi ya valvu imeandikwa na watu wa nchi za baridi kavu. Wanabishana ipi ina sauti tamu zaidi, na juu ya miguu hawasemi neno. Utamu kila mtu atausikia kwa masikio yake. Miguu lazima uitazame kabla hujatoa pesa.

Mfano wetu uwe amplifaya ya Darkvoice 336SE, maana ni ya bei nafuu na valvu zake hubadilishwa kwa mkono bila kufungua kitu. Haina transfoma ya kutolea sauti. Sauti inatoka kwenye valvu hadi kwenye hedifoni kupitia kapasita tu. Valvu ni mbili: 6SN7 inayokuza sauti, na 6AS7G au ndugu zake (6080, 6N13S, 6N5P) inayosukuma hedifoni. Kila moja ina nusu mbili ndani, moja ya kulia na moja ya kushoto, na zote zina miguu minane minene yenye kijiti katikati.

Sasa piga hesabu. Hita, ule waya wa ndani unaowaka na kuipasha valvu moto, kwenye 6AS7G inataka volti 6.3 na inakula ampea 2.5. Ukungu kidogo tu kwenye mguu mmoja wa hita, tuseme wa omu 0.2 (omu ni kipimo cha ukinzani, jinsi umeme unavyozuiwa), unameza nusu volti. Hita inabaki na 5.8. Hiyo nusu volti haipotei bure, inageuka joto la wati 1.25 pale pale mguu unapoguswa na soketi, na joto linazidisha ukungu, na ukungu unazidisha joto. Ndiyo maana utaona soketi imekuwa kahawia kwenye tundu moja na mengine yako safi. Hita nyingi huvumilia asilimia 10 juu au chini, yaani 5.7 hadi 6.9. Umeme wa nyumbani ukishuka kutoka 230 hadi 200 hita inapata 5.5 tu, hata kama miguu inang'aa. Ukikutanisha umeme mdogo na mguu mchafu, valvu nzima itaonekana imechoka. Stabilaiza ya maana ni sehemu ya ununuzi huu.

Kwa nafasi ya 6SN7, chaguo langu la kwanza ni Electro-Harmonix 6SN7EH ya miguu ya dhahabu, na sina kigugumizi katika hilo. Inatengenezwa Saratov, Urusi. Dhahabu haishiki kutu, haifanyi ukungu, na mwaka wa tatu mguu unatoka kwenye soketi kama ulivyoingia. Kuna 6SN7EH ya kawaida isiyo na dhahabu. Ndani ni ile ile, kwa hiyo soma tangazo lote mpaka uone neno dhahabu, kisha uione na kwenye picha. Utando wa dhahabu ni mwembamba sana. Usiupige msasa hata siku moja, na usiwe mtu wa kuchomoa na kuchomeka kila Ijumaa kujaribu valvu nyengine, utaukwangua. Soketi nayo iwe safi, la sivyo umevalisha kanzu mpya mwili usiooga.

Ya pili ni Tung-Sol 6SN7GTB ya siku hizi. Jina ni la kampuni kongwe ya Marekani, lakini valvu ya leo inatoka Saratov huko huko. Valvu nzuri. Miguu ya kawaida. Sioni sababu ya kulipia jina.

Ya tatu ni za zamani: RCA, Sylvania, na 6N8S za Kisovieti. Hizi za Kisovieti wauzaji huziandika 6H8C, kwa sababu herufi za Kirusi zinafanana hivyo, basi tafuta kwa majina yote mawili. Ni valvu imara, ila zina ugonjwa ambao wengi hawaujui. Katika valvu za miguu minane minene, mguu ni bomba tupu: waya unatoka ndani ya kioo, unapita ndani ya bomba, na umechomelewa kwa risasi kwenye ncha tu. Risasi ya miaka hamsini huota ufa. Valvu inakata sauti ukiigusa, inarudi ukiitikisa, na mwenye nayo anaitupa. Dawa yake ni dakika kumi. Igeuze miguu juu, gusa kila ncha kwa chuma cha kuchomelea kwa sekunde tatu au nne, tia risasi mpya kidogo, iache ipoe. Risasi isivimbe nje ya mguu, maana hapo itatanua soketi na valvu itakayofuata itacheza.

Kwa nafasi ya 6AS7G, nasema wazi: 6N13S ya Svetlana, ile yenye alama ya herufi C yenye mbawa, nayo hutangazwa kama 6H13C. Bei yake bado ya kibinadamu, na miguu minene husafishika. Baada yake RCA 6AS7G yenye kioo cha umbo la chupa, kisha 6080 za Sylvania au General Electric. Tung-Sol 5998 watakusifia sana. Kwa bei inayoombwa, mwenye amplifaya ya bei nafuu hana haja nayo.

Hapa ndipo wauzaji wanapoudhi. Herufi tatu NOS maana yake ni valvu ya zamani ambayo haijawahi kutumika, na leo kila kitu ni NOS, mpaka kile kilichokaa miaka ishirini kwenye redio ya mtu. Valvu isiyotumika haiwezi kuwa na michirizi mingi ya soketi kwenye miguu. Mbaya zaidi ni wanaopiga miguu msasa ing'ae kwenye picha. Utawajua hivi: omba picha ya karibu ya pale mguu unapoingia kwenye kitako au kwenye kioo. Msasa haufiki pale. Ukiona mguu unameta mpaka chini kisha una pete nyeusi au ya kijani ya upana wa ukucha, huo umekwanguliwa, utando wake umekwisha, na masika ya kwanza utaota kutu upya kwa kasi kuliko zamani. Asiyetaka kutuma picha hiyo muache. Kununua valvu bila kuona miguu ni kununua mbuzi kwenye gunia.

Na hili la "zimelinganishwa" linauma zaidi, kwa sababu pesa inachukuliwa kwa kazi ambayo haikufanywa. Katika Darkvoice valvu moja ndiyo kulia na kushoto, kwa hiyo kinachotakiwa ni nusu mbili za valvu hiyo hiyo zikaribiane, tofauti isizidi asilimia 10 hivi. Muuzaji mkweli atakuandikia namba mbili alizopima. Anayekuandikia "imepimwa, nzuri" hakupima. Mtu wa Pemba analipa bei ya nje, analipa mzigo hadi Dar es Salaam, analipa boti, halafu anapokea valvu inayoimba upande mmoja, na kuirudisha ni ghali kuliko kuinunua. Hiyo ni dhuluma.

Kioo nacho kitazame. Juu au pembeni kuna doa la rangi ya fedha kama kioo cha kujitazamia. Likiwa jeupe kama chokaa, hewa imeingia, valvu hiyo ni maiti. Valvu ndogo za miguu myembamba hupata hivyo mguu ukipindwa na kioo kikapasuka kwenye shina, kwa hiyo zichomeke wima, bila kuzitikisa.

Wenye amplifaya za 12AU7 (ECC82), miguu tisa, wanunue Electro-Harmonix ya dhahabu au JJ ya dhahabu kutoka Slovakia. Wasikubali kuuziwa 6922, valvu nyengine ya miguu tisa, kwa maneno ya "inaingia hiyo hiyo". Inaingia, ndiyo. Lakini 12AU7 iliyofungwa kwa volti 12.6 inapokea umeme wa hita kwenye mguu wa 4 na wa 5, na hita ya 6922 iko hapo hapo na inataka 6.3 tu. Itawaka sana mara moja, na ndiyo mara ya mwisho.

Vile viamplifaya vidogo vya valvu ya 6J1: tia 5654 ya General Electric au 6Zh1P-EV ya Kirusi, basi. Miguu saba, dhahabu hakuna, safisha kila miezi mitatu.

Kusafisha kwenyewe: zima, chomoa plagi ukutani, subiri nusu saa. Kapasita za ndani hubaki na umeme wa kuua hata plagi ikiwa mkononi mwako. Miguu isiyo ya dhahabu isugue kwa raba ya kufutia penseli, kisha ifute kwa kitambaa na spiriti ya isopropili ya asilimia 99, ile ya mafundi simu ya kusafishia bodi. Spiriti ya famasi ya asilimia 70 iliyobaki ni maji, na maji ndiyo tunayoyakimbia. Soketi ipitishie brashi nyembamba ya kusafishia katikati ya meno iliyochovywa spiriti hiyo hiyo, tundu moja moja, mpaka brashi itoke bila weusi. Acha saa nzima ikauke. Mafuta ya kulegeza kutu usiyapulizie. Yanashika vumbi, na karibu na valvu ya moto yanaungua na kuganda. Soketi iliyokwisha kuwa kahawia haisafishiki, mpe fundi aweke ya kauri.

Hedifoni. Wengi wanauliza ipi ina besi. Swali lenye maana hapa ni ina omu ngapi. Kwa namba za kitabu, 6AS7G ikitoa sauti kwenye kathodi (moja ya sehemu zake za ndani), kama inavyofanya hapa, ina ukinzani wake wa karibu omu 93, na katika amplifaya yenyewe mara nyingi unazidi hapo. Hedifoni ya omu 32 itapata robo tu ya volti za sauti, robo tatu zinabaki kwenye valvu. Ya omu 300 inapata robo tatu. Tena omu za hedifoni hazikai pale pale, hupanda kwenye besi. Sennheiser HD 600 hukaribia 500 huko chini, na amplifaya hii inaiongezea besi kwa chini ya desibeli 1, kiasi cha kulifanya dumbaki la taarabu lijae bila kulifunika ganuni. Hedifoni ya omu 32 ambayo besi yake inafika 60 itaongezewa karibu desibeli 4, na dumbaki lile lile linakuwa pipa.

Kwa hiyo ya kwanza ni HD 600, au ndugu yake HD 6XX, omu 300, ambayo ilipoanza kuuzwa mwishoni mwa 2016 ilikuwa karibu dola 200. Mito yake ni ya kitambaa cha mahameli, na hilo kwa jasho letu ni kubwa: ngozi bandia huchubuka vipande vyeusi vikakuganda masikioni. Kila kipande chake kinauzwa peke yake. Waya unachomoka pande zote mbili, na kila upande una vijimiguu viwili ambavyo navyo hushika ukungu. Sauti ikikatika upande mmoja, safisha hapo kabla hujailaumu valvu.

Ya pili ni Beyerdynamic DT 880 ya omu 600 au 250. Jina hilo hilo linauzwa na la omu 32, na wauzaji hupenda kuificha namba, basi isome kwenye boksi. Waya wake hauchomoki. DT 990 Pro ya 250 inafaa kwa asiyeudhiwa na sauti kali za juu. Sennheiser HD 560S ya omu 120 ni mpaka. Chini ya hapo, tumia amplifaya ya transista, isiyo na valvu.

Ukiagiza amplifaya yenyewe, hakikisha ni ya volti 230. Ya Marekani ni 115, na ukiichomeka hapa itakwenda na transfoma.

Valvu za akiba zitie kwenye kopo la mfuniko wa kubana pamoja na paketi za silika, zile zinazokuja na viatu vipya, uzibadilishe kila kabla ya masika. Iliyo kwenye amplifaya iwashe angalau saa moja kila siku mbili tatu, hata kama husikilizi, joto lake ndilo linaloikausha soketi.