Risiva ya Denon na spika za JBL zenye amplifaya ndani: uzoefu wangu, Tanga

Spika zangu ni JBL 305P MkII, zile za studio zenye amplifaya yake ndani. Kila moja unaichomeka kwenye umeme. Nilizinunua kwa ajili ya kurekodi kaswida. Shemeji yangu alipohama Tanga aliniachia risiva ya Denon AVR-X3700H (si king'amuzi, ni ile mashine ya sinema ya nyumbani inayokuza na kugawa sauti kwenye spika), nami nikataka spika zile ziwe za mbele sebuleni kwangu, Ngamiani.

Kila niliyemuuliza alisema haiwezekani, eti kampuni mbili tofauti haziingiliani. Si kweli kabisa. Cha kuuliza si jina la kampuni, ni sauti inatoka risiva ikiwa na nguvu kiasi gani.

Fundi wa kwanza alifika na waya wake, akaanza kuumenya ili autoe kwenye vile vishikio vyekundu na vyeusi nyuma ya risiva aupeleke kwenye spika. "Kaka, spika ni spika tu." Nilimzuia. Vishikio vile vinatoa sauti iliyokwisha kukuzwa, ya kusukuma spika isiyo na amplifaya. Ukiipeleka kwenye spika yenye amplifaya yake, unaweza kuunguza saketi ya kupokelea sauti.

Mahali penyewe ni matundu yaliyoandikwa PRE OUT. Hapo sauti inatoka kabla haijakuzwa. Risiva nyingi za bei ya chini zina tundu la sabufa peke yake, kwa hiyo kama unanunua kwa kazi hii, igeuze uikague mgongo kabla hujatoa hela. Hii ya Denon inayo ya kutosha. JBL hizi hazina tundu la RCA, lile dogo la duara kama yale ya PRE OUT. Zina XLR, tundu la pini tatu, na jeki kubwa ya milimita 6.35, basi nikatumia waya wenye RCA upande mmoja na jeki upande wa pili. Nyuma ya spika kuna swichi: +4 dBu ni ya vifaa vya studio, -10 dBV ni ya vifaa vya nyumbani. Nikaiweka -10.

Nikawasha, nikapokelewa na mvumo: mmmmm, kama friji kuukuu. Hapa ndipo niliposumbuka, usiku tatu mfululizo. Nilibadilisha waya, nikahamisha soketi, wapi! Mwishowe nikaanza kuchomoa kitu kimoja kimoja. Nilipofungua waya wa dishi nyuma ya king'amuzi kilichounganishwa na risiva, kimya. Dishi langu limefungwa kwenye bomba la chuma lililochimbiwa ardhini, na spika nazo zina ethi yake, yaani waya wa kwenda ardhini, kwenye plagi. Ethi mbili zikakutana kupitia waya za sauti, na mvumo wa umeme wetu wa hezi 50 ukapata njia ya kuzunguka. Jirani alinishauri nikate ethi kwenye plagi za spika. Tafadhali usithubutu, waya ule ndio unaokulinda usipigwe na shoti. Nilinunua kisanduku chenye transfoma ndogo mbili ndani, nikakipachika kati ya risiva na spika. Mvumo ukaisha hapo hapo. Vya bei nafuu hupunguza besi kidogo, lakini kwangu besi yote ya chini ya hezi 80 nimeielekeza kwenye sabufa.

Kupima chumba kwa Audyssey, mfumo wa ndani ya risiva unaosikiliza spika kwa maikrofoni na kuzirekebisha, nilingoja saa sita usiku, bajaji zimepungua, nikazima na pangaboi ingawa jasho lilinitiririka. Mara ya kwanza risiva iliandika desibeli -12 kwa spika zote mbili. Huo ndio mwisho wake wa kupunguza, maana yake vitufe vya sauti kwenye spika nilivipandisha mno. Nikavishusha hadi katikati, vyote sawasawa, nikapima upya, ikatoka -5.

Sasa maneno ya filamu yanasikika hata yakinong'onwa. Taarabu za zamani za Black Star, zile za hapa hapa Tanga, naweza kulifuata gitaa la besi noti kwa noti huku sauti ya mwimbaji imekaa katikati kabisa, na sina spika ya katikati.

Kuwasha, anza na risiva, spika mwisho. Kuzima, anza na spika. Ukigeuza utaratibu zinapiga "pu!" kubwa ya kuumiza koni. Wanangu walikuwa wakisahau, nikaziweka spika kwenye ekstensheni yenye swichi yake, nikaibandika utepe mwekundu.